Rafiki yangu anakaribia kujifungua: maswali na majibu

Mbukwenyi wasomaji. Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu kumsindikiza mwenzako uzazini. Nayajibu kama mkunga mstaafu niliyefanya kazi wodi ya wazazi hapa Dodoma.

*Shikamoo mama. Rafiki yangu ana mimba ya miezi minane na mumewe ni dereva wa malori, hayupo. Ameniomba niende naye. Sijawahi kuzaa, nitamsaidia nini? (Nkuhungu)*

Marahaba mwanangu. Nenda naye. Mwaka 2017 ulichapishwa uchambuzi wa majaribio 26 kutoka nchi 17, yenye wanawake zaidi ya 15,000. Mama aliyekuwa na mtu wa kumtia moyo muda wote wa uchungu alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kwa njia ya kawaida, na uchungu wake ulikuwa mfupi kidogo. Mtu huyo si lazima awe amezaa.

Uchungu ukija, kaa nyuma yake, weka kiganja chini kabisa ya mgongo, juu kidogo ya makalio, ukandamize kwa nguvu mpaka uchungu uachie. Wengi hawataki kupapaswa wakati huo, wanataka mkono mzito, muulize yeye. Mtembeze. Mpe maji au uji mwepesi, mkunga asipokataza. Mkumbushe kukojoa kila baada ya muda, maana kibofu kikijaa kinazuia kichwa cha mtoto kushuka. Na usimwambie "jikaze, wenzako wote wamezaa". Mwambie amefika wapi, na kwamba huondoki.

Wiki hii hii mfuate kliniki, muulize muuguzi kama msindikizaji anaruhusiwa kuingia leba. Wodi zetu nyingi vitanda vimesogeleana bila pazia, kwa hiyo ndugu huambiwa wangoje nje. Hilo linaniuma sana. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018, linataka kila mama awe na mtu anayemtaka mwenyewe, na Brazili wana sheria ya haki hiyo katika hospitali za umma tangu 2005. Pazia na kiti kimoja kando ya kitanda tunaviweza.

*Mama mkwe wa rafiki yangu ametoka kijijini na dawa ya kuongeza uchungu. Mwenzangu anaona aibu kukataa. (Bahi)*

Asiinywe. Dawa hiyo haina kipimo. Mfuko wa uzazi unaweza kukaza mfululizo bila kupumzika, mtoto akakosa hewa, na mfuko wenyewe ukapasuka, hasa kwa aliyewahi kujifungua kwa upasuaji. Hata hospitalini dawa ya kuongeza uchungu hupita kwenye dripu, matone yanahesabiwa, na mapigo ya moyo wa mtoto yanasikilizwa. Mwambie mama mkwe wewe, kwa heshima, usimwachie mjamzito vita hiyo: "Mama, kliniki wamekataza, ila tunakuhitaji kwenye uji wa uwele." Mpeni nafasi, msimfukuze.

*Dada yangu anaishi Uholanzi, amezalia nyumbani na wakunga wakamsifu. Mbona sisi tunasukumwa hospitali? (Ihumwa)*

Dada yako hakuzaa peke yake. Kule anayeruhusiwa kuzalia nyumbani ni yule ambaye vipimo havionyeshi hatari. Mkunga aliyesomea anakuja na vifaa, na mambo yakiharibika hospitali iko karibu. Sasa mfikirie mama wa kijijini Chemba au Mpwapwa, masika, korongo limejaa na gari haliwezi kuvuka. Damu nyingi baada ya kujifungua inaweza kumuua mama ndani ya saa chache. Ndiyo maana aliye mbali hushauriwa aje mapema akae chigonela, nyumba ya kungojea kujifungua iliyo karibu na hospitali. Dharura ikitokea, pigeni 115 bure, mfumo wa m-mama utatafuta usafiri.

Ninachokitamani kutoka Uholanzi ni kile kinachofuata. Mhudumu huja nyumbani kwa siku kama nane, anamwangalia mama, anampima mtoto, anasaidia kunyonyesha, hata anafagia. Wachina humtuliza mzazi ndani mwezi mzima. Wajapani wengi hurudi kwa mama zao. Na kwa maumivu ya uchungu wenyewe, Ufaransa zaidi ya wanawake wanane kati ya kumi hupata ganzi ya mgongoni. Hapa hospitali nyingi hazina, na ndiyo sababu nimemsisitizia binti wa Nkuhungu ule mkono.

*Nikienda kumpa hongera nibebe nini? (Makole)*

Sabuni ya kufulia na chakula kilichopikwa. Nawa mikono, usimbusu mtoto, fua nepi, ondoka. Ukimkuta analowesha pedi nzima ndani ya saa moja, ana homa, au kichwa kinamuuma sana na anaona maluweluwe, mpeleke hospitali hapo hapo, hata iwe usiku wa manane.

*Rafiki yangu ana wiki tatu tangu ajifungue. Analia kutwa, hataki hata kumshika mtoto. Wanasema karogwa. (Kongwa)*

Hakurogwa, wala si mvivu. Machozi ya siku za mwanzo ni ya kawaida na hupungua ndani ya wiki mbili. Yakivuka hapo anahitaji matibabu, na yapo. Muulize wazi, kwa upole, kama anawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akisema ndiyo, asibaki peke yake hata dakika moja, na aende hospitali leo. Anza na kituo cha afya kilicho karibu. Wakiona inafaa watamwandikia rufaa kwenda Mirembe, hospitali ya afya ya akili hapa Dodoma mjini. Nenda naye wewe mwenyewe, umbebee mtoto, kwa sababu akiambiwa aende peke yake hatafika.