Kabla hujanunua repita ya tatu, nunua waya

Juzi dada mmoja wa Njiro kanitumia ujumbe: "Kaka, waifai yangu sebuleni inakimbia, chumbani picha ya WhatsApp inazunguka mpaka nasinzia. Repita nimeshanunua mbili, ya tatu ninunue ipi?" Repita ni kale kadude ka kuchomeka ukutani kanakorudia waifai ya ruta. Nikacheka, alafu nikanyamaza, maana huyo dada ni mimi wa mwaka juzi. Tofauti ni kwamba mi nlifika mpaka ya tatu, na saivi watoto wanaichezea duka.

Wanaonijua wanajua nafundisha wageni Kiswahili kwa Zoom, nikiwa hapahapa Moshono, Arusha. Ofisi ni kile chumba cha uani, nlikimbilia huko kwa sababu ya TV na kelele. Ruta, kile kiboksi kinachotoa waifai, iko sebuleni, na kati yetu kuna kuta tatu za bloku, jiko, mlango wa chuma na bati la kibaraza. Nikipima spidi sebuleni napata Mbps 19 kwenye kifurushi cha 20. Uani napata moja na nusu, na hapo nimeshainua simu juu ya kabati.

Nlikuwa na mwanafunzi mmoja, mama wa Kijerumani, sentensi yake ya kwanza kuitamka bila kosa hata moja ilikuwa "Mwalimu, umeganda." Sikumpa kwenye somo lolote, kaiokota tu kwenye samahani zangu. Wengine wanajifunza kuganda kwa uji au maji ya friji, yeye kajifunza kwa sura yangu mdomo wazi. Tulicheka sana. Ila kampuni iliyokuwa inaniletea wanafunzi haikucheka, wakaniandikia kwa adabu kwamba mawasiliano yangu hayaridhishi na saa zangu wanampa mtu mwingine. Miezi saba ya kazi nzuri, wanafunzi wananisifia, alafu nafukuzwa na ukuta wa jikoni. Mpaka leo nikipita hapo naugonga kidogo.

Kwa hasira nikapandisha kifurushi toka 20 mpaka 40. Sebuleni watoto wakafurahi, uani ikabaki moja na nusu ileile. Hapo ndo nlitakiwa kushtuka kwamba shida haiko kwenye bando, iko kwenye njia, lakini nani anashtuka mapema? Nikanunua repita.

Repita haileti intaneti mpya, inaisikia ruta alafu inarudia, na hizi za bei yetu nyingi zinasikia na kurudia kwa redio moja, kwa hiyo spidi inakatika kama nusu hata ukiiweka pazuri. Mi nliiweka pabaya, uani kabisa, pale waifai ilipokuwa imeshakufa. Ni sawa na kumsimamisha mkalimani nyuma ya uwanja spika zisikofika, atatafsiri nini? Simu inakuonesha vimistari vyote vimejaa, kumbe imeshikana vizuri na repita ambayo yenyewe haina kitu.

Waya nliujua kwa bahati tu. Siku ya usaili wa kazi nyingine nlibeba laptopu mpaka sebuleni nikaichomeka moja kwa moja kwenye ruta, nikaongea dakika hamsini bila kuganda hata mara moja. Kazi nikapata. Nikasema basi, huu waya utafika uani hata kwa kuchimba.

Nikaita fundi. Akaja na waya wake, "mzee hii orijino kabisa," akaupitisha bomba moja na waya wa umeme, akachukua hela akaondoka. Wiki mbili ukafa. Nilipoukata na kukwaruza kawaya kamoja kwa wembe, ndani ni keupe, yaani aluminiamu iliyopakwa shaba, ukiikunja mara mbili imekatika. Jamani kwaruzeni kabla ya kulipa! Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani.

Ya pili nikafanya mwenyewe. Waya wa intaneti aina ya Cat6, wa nje, wenye ganda jeusi linalovumilia jua, mita 25, na unaruhusiwa mpaka mita 100 kwa hiyo nyumba zetu hizi wala usiwaze. Bomba lake peke yake, mbali na umeme. Vichwa vya kuchomeka vya mwisho wa waya nliharibu sita kabla ya kupatia, ila kichwa kimoja hakifiki hata bei ya soda. Vijiwaya vya ndani unavipanga kwa rangi: nyeupe ya orenji, orenji, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia, pande zote mbili hivyohivyo. Saivi naisema kama Baba Yetu.

Uani nikafufua ruta ya zamani iliyokuwa kabatini. Nikaizima DHCP ili isigawe anwani na kugombana na ruta kubwa, nikaipa anwani yake tofauti, waya nikauchomeka tundu la LAN (la vifaa vya ndani) na sio WAN (la kuingizia intaneti), jina la waifai na paswedi nikaweka zilezile, chaneli, yaani masafa ya waifai, tu ndo tofauti: sebuleni 1, uani 6. Laptopu yenyewe inakula waya. Nikipima uani napata 38. Nlimwita mke wangu aje aone namba, akasema "hongera, njoo ule."

Ndugu zangu, sisi tunapenda kitu cha kuchomeka ukutani kiwake taa ya kijani tuone mambo yameisha. Hela unayo ya repita tatu, hela ya mita 25 za waya huna? Pima kwanza pembeni ya ruta. Kama hapo nako ni mbovu, lalamika kwa wanaokuuzia intaneti, kama ni nzuri basi acha kuwatukana, vuta waya. Na masika radi zikianza, chomoa pande zote mbili, nlishaunguza tundu moja kwa uvivu wa kunyanyuka kitandani.

Dada wa Njiro nlimjibu hivyo hivyo, kirefu. Karudi jioni: sebuleni anapata 18, chumbani 2, ila shemeji hataki kusikia habari ya kutoboa ukuta, nyumba imepakwa rangi juzi tu. Nimemwambia wapande darini, waya unapita juu ya siling bodi na unashukia ndani ya kabati la nguo, hakuna atakayeuona.