Tetemeko lilipokuja, mwalimu ndiye aliyetangulia kukimbia

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, nilikuwa Bukoba na kidato cha tatu, kipindi cha ziada cha Jiografia. Wiki mbili nyuma tulikuwa tumemaliza mada ya matetemeko, na waliijua barabara. Aina za mawimbi, kipimo cha Richter, tawi la magharibi la Bonde la Ufa, vyote walivimwaga kwa Kiingereza cha mtihani bila kuvuta pumzi.

Sakafu ikanguruma kama lori linapita chini yake. Chokaa ikaanza kutumwagikia. Nakiri, nilitoka mbio. Nilipogeuka nilikuwa uwanjani, chaki bado mkononi, na watoto wangu wamebanana mlangoni. Mlango ule ulifungukia ndani. Msukumano uliurudisha, wa mbele wakashindwa kuuvuta kwa sababu wa nyuma wanawakandamiza. Mmoja alishachomoka, akarudi kufuata raba zake.

Darasani kwetu hakuumia mtu. Kagera nzima tetemeko lile la 5.9 liliua watu wasiopungua 17, na shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata zikafungwa zijengwe upya. Usiku huo watu walilala nje, maana ardhi ilikuwa bado inacheza.

Tangu hapo siulizi tena "tetemeko ni nini?" Nauliza: "Wewe uliyekaa hapo dirishani, ikianza sasa hivi unafanyaje?" Kimya chake kinasema mengi kuliko mtihani. Anayeweza kueleza mgandamizo wa miamba hajui kwamba kioo kitamwangukia shingoni.

Vitabu vinasema ingia chini ya meza. Sawa, lakini meza zetu mnazijua: kijana wa kidato cha tatu akiingiza kichwa, mgongo unabaki nje. Nawaambia kichwa na shingo kwanza, mkono mwingine ushike mguu wa meza, na wakae mbali na dirisha. Mtikisiko ukikoma ndipo watoke, waende uwanjani mbali na kuta na nyaya za umeme. Daftari na raba zibaki, kwa sababu mitikisiko mingine hufuata.

Mlango tulimwita seremala, akahamisha bawaba ufungukie nje. Kazi ya nusu siku. Wazazi, mkienda kikao cha shule acheni kidogo habari za wastani wa ufaulu, ulizeni milango, na ulizeni ufunguo wa bweni usiku hulala kwa nani.

Zoezi letu la kwanza lilikuwa kichekesho. Tuligonga rimu ya gari iliyoning'inia mwembeni, kengele ileile ya chakula, na nusu ya shule ikakimbilia bwaloni na sahani. Sasa hatari ina mlio wake: filimbi, mfululizo, bila kupumzika.

Kwenye radi bado napambana. Watoto wanashika imani za kufunika vioo na kuvua nguo nyekundu, ila mvua ikiwakuta njiani wanajikinga chini ya mti. Hata darasani si salama tu kwa kuwa kuna paa: Januari 2025 huko Bukombe, Geita, radi iliua wanafunzi 7 wakiwa darasani. Mfumo wa kukinga radi si pambo la majengo ya serikali. Ngurumo ikisikika, mpira uwanjani unasimama, hata kama mnaongoza.

Muhula uliopita, baada ya zoezi, binti mmoja alinyoosha mkono: "Mwalimu, na mwenzetu wa magongo?" Miaka yote hiyo sikuwa nimemweka kwenye mpango. Nikamwita kijana mwenyewe, nikamwambia achague wawili wa kutoka naye. Wa kwanza alimtaja papo hapo. Wa pili nilimpendekeza mimi, kaka mkuu, akamkataa: "Huyu, mwalimu, hata kwenye kuhesabu namba huchelewa."