Fumbwa si mti, na tunda lake linaliwa

Kuna anayeuliza kama fumbwa, ile mboga ya majani ya Kongo, ni majani ya mti, na kama matunda yake huliwa. Hapana, fumbwa si majani ya mti. Ni mmea wa msituni unaokwea miti mingine, ila shina lake ni gumu, ndiyo maana wengi huuchanganya na mti. Na matunda yake yanaliwa: yakiiva huwa mekundu au rangi ya chungwa, na mbegu ya ndani hupikwa. Ni vile tu majani ndiyo yenye soko. Mama yangu alikuwa akiyauza Kisangani, huko Kongo. Aliyakunja kitita kizima, akayakata membamba kama uzi, bila hivyo hayatafuniki hata uyachemshe vipi. Kisha karanga za kusaga, mawese na samaki mkavu, basi. Kameruni wanaiita eru, Nigeria afang au okazi, na huko pia ni mboga ya heshima.

Kama mmea wako wa fumbwa hauzai matunda, usiukate kwanza. Mmea wa kiume na wa kike ni mbalimbali, na wa kiume hauzai kamwe. Ukichuma, chuma majani tu, usiung'oe. Fumbwa nyingi bado inatoka porini na karibu na miji imeanza kuadimika.