Mzazi asiyeonekana shuleni

Kwa mihula miwili niliwanunia wazazi wenzangu. Darasa la mwanangu lina watoto 34, na kila mwalimu alipoomba watu wa kujitolea tulijitokeza walewale wanne. Sisi ndio tuliopanga vitabu vya maktaba, sisi ndio tuliosindikiza watoto kwenye ziara. Wengine walimwacha mtoto getini wakaenda zao. Nikajiaminisha kwamba hawajali.

Siku moja mkutanoni nikayatoa hayo mbele ya watu. Mama mmoja akasimama, akanijibu bila kupandisha sauti: "Dada yangu, mimi natoka kazini saa moja asubuhi. Nyinyi mkikutana saa tatu, ndiyo kwanza nimepata usingizi. Lakini hakuna siku daftari la mwanangu limelala bila kulipitia."

Niliona aibu. Kumbe nilikuwa nahesabu sura ninazoziona tu. Joyce Epstein, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alizigawa njia za familia kushirikiana na shule katika aina 6. Kujitolea ni moja tu, na kumsaidia mtoto masomo nyumbani ni nyingine, yenye nafasi yake kamili. Yule mama alikuwa akiifanya hiyo kila siku, baada ya zamu ya usiku.

Tangu hapo nauliza kabla ya kulaumu. Wapo wazazi wanaoogopa kuitwa kusoma mbele ya watoto kwa sababu wenyewe walisoma kwa taabu. Wapo walioumizwa na shule utotoni, na mpaka leo wakikaribia ofisi ya mwalimu mkuu moyo unawaenda mbio. Mume wangu ana hoja yake: tukizoea kuziba mapengo bure, wenye shule hawataajiri watu wa kutosha. Tumebishana sana juu ya hilo. Sikuacha kwenda, ila nakubaliana naye kwamba mzazi asishike darasa badala ya mwalimu.

Lawama iliyonichoma zaidi ni kwamba watoto wa wanaojitolea hupendelewa. Nilitaka kukana, nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nikimaliza kupanga vitabu na kumdodosa mwalimu habari za mwanangu, wakati wenzangu wanasubiri siku ya wazazi. Hiyo ilikuwa dhuluma ndogo, lakini dhuluma. Sasa siku ya kujitolea simtaji mwanangu kabisa. Nikiwa na shida naomba miadi kama mzazi mwingine yeyote. Na ninayoyaona darasani kuhusu watoto wa watu siyatoi nje, hata kwa rafiki. Shule ikikuomba uthibitisho kwamba huna rekodi ya makosa kabla ya kukaa na watoto, usikasirike. Hata mwanao analindwa kwa utaratibu huohuo.

Kwa nini basi naendelea kwenda? Kwa sababu ya mtoto mmoja niliyepewa nisome naye dakika 20 kila Jumatano. Alikuwa anaweka kidole chini ya neno, na akikwama anakikandamiza mpaka ukucha unakuwa mweupe. Mimi nilikuwa narukia kumtajia neno. Mwalimu akanishauri nihesabu moyoni hadi tano kwanza. Tano ni nyingi mno ukiwa umekaa kando ya mtoto anayehangaika! Nikavumilia. Wiki ya sita kidole kilianza kutembea, kikisita kidogo, kisha kinaendelea.

Ukitaka kuanza, muulize mwalimu mambo matatu: kazi ni ipi, inachukua muda gani, na inaisha lini. "Njoo usaidie" haimvuti mtu mwenye majukumu, kwa sababu hajui atatoka saa ngapi. Na usikubali zaidi ya unachoweza. Mtoto uliyemwahidi Jumatano atakuangalia mlangoni.

Kamati yetu nayo ilibadilisha tangazo. Sasa linaorodhesha pia kazi za kufanyia nyumbani, saa yoyote: kukata kadi za maneno, kufunika vitabu, kuunganisha kurasa zilizochanika. Wa kwanza kujiandikisha alikuwa yule mama wa zamu ya usiku. Alichukua vitabu 11 vilivyokuwa vimetupwa pembeni, na Jumatatu mwanawe akavileta ndani ya mfuko, migongo imeshonwa kwa uzi mweusi, kurasa zote zimo.