Klabu ya baiskeli iongozwe na wanaosimama njiapanda

Siku nilipokabidhiwa daftari la mahesabu la klabu yetu ya baiskeli nilikuta neno moja limerudiwa ukurasa mzima: mengineyo. Tyubu zilikuwa zimeandikwa, bandeji na dawa ya vidonda zimeandikwa, maji ya siku ya mashindano yameandikwa, kisha mengineyo, na mengineyo tena, na jumla yake ilizidi vyote vilivyotajwa kwa jina. Stakabadhi haikuwepo hata moja.

Mwenyekiti wa wakati ule hakuwa mwizi. Hilo naliamini mpaka leo. Alikuwa akinunua vitu vya klabu kwa fedha zake, halafu anajirudishia kutoka kwenye ada za wanachama, na kumbukumbu zote anazo kichwani. Hakuna aliyewahi kumwambia afanye vingine. Lakini wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwetu zilipotea zaidi ya fedha. Wanachama 11 waliondoka mwaka ule, kila mmoja na maelezo yake kuhusu nani amekula nini, na wawili kati yao ndio waliokuwa wakiwafundisha wageni kuziba pancha.

Nimekuwa kwenye uongozi wa klabu kwa miaka 7 sasa, kwanza mweka hazina, baadaye katibu. Ninayoandika hapa ni kwa ajili ya mtu ambaye leo yuko pale nilipokuwa mimi, kashikishwa daftari na hajui aanzie wapi.

Anzia kwenye fedha, na uanze wiki hiyo hiyo. Fungua akaunti kwa jina la klabu. Iwe na watia saini watatu, wawili kati yao ndio watoe fedha, na wasiwe ndugu wala mke na mume. Kila stakabadhi ibandikwe kwenye daftari kwa gundi, isiachwe kwenye bahasha. Kisha mara moja kwa mwezi, kabla watu hawajavaa kofia ngumu na kuondoka, soma kwa sauti kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Inachukua dakika 5. Miezi miwili ya kwanza watu walikuwa wakipuliza matairi huku nasoma, hakuna anayesikiliza. Mwezi wa nne mama mmoja aliyekuwa hajawahi kufungua kinywa kwenye mkutano akauliza: kwa nini ada yangu inalipia viingilio vya mashindano vya vijana sita, na mimi sishindani?

Swali lile ndilo lililonifumbua macho. Karibu kila klabu ya ridhaa niliyopita ina watu wa aina mbili. Wapo wachache wanaoshindana na wapo wengi wanaoendesha kwa afya, kwa urafiki, kwa kupenda tu barabara. Wachache ndio huchaguliwa kuongoza kwa sababu wana kasi na majina yao yanajulikana. Wengi ndio hulipa. Hakuna ubaya klabu kuwagharamia vijana wake wenye vipaji, nami napenda tufanye hivyo, lakini kiasi kipigiwe kura mbele ya wanaolipa. Sisi tulitenga mfuko wa mashindano peke yake na tukaamua asilimia yake kwenye mkutano mkuu. Yule mama alipiga kura ya ndiyo. Alichokuwa anakitaka ni kuulizwa.

Jambo la pili lilinipata njiapanda. Tulikuwa na mbio zetu za kila mwaka, nami nilipangiwa kusimama kwenye makutano ya mwisho, bendera nyekundu mkono mmoja na filimbi shingoni, tangu alfajiri. Kundi la mbele lilipita kama upepo. Wakafuata wa kati, kisha mmoja mmoja, kisha kimya. Dakika 40 hivi baada ya mshindi akaja dada mmoja peke yake, mnyororo ukilia kwa ukavu, namba ya mgongoni imeng'oka pini moja inapepea. Akaniuliza, "Bado kuna watu pale mwisho?" Nikamjibu wapo. Sikuwa na hakika, hivyo nilipanda baiskeli yangu nikamfuata. Tulipofika, utepe ulikuwa umeshakunjwa. Zawadi zimeshatolewa, wapima muda wameondoka na daftari lao. Dada alisimama pale palipokuwa na mstari, akageuza kichwa kushoto na kulia akitafuta mtu wa kumwandikia muda wake. Nilimwandikia mimi, kwenye kiganja changu, kwa kalamu.

Kamati iliyopanga siku ile ilikuwa na watu saba na wote walikuwa wanariadha wa zamani wa mbio. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumaliza wa mwisho, na hakuna aliyewahi kusimama njiapanda saa tatu mfululizo. Hawakuwa na dharau. Jambo lile halikuwajia akilini.

Tangu hapo katiba yetu ina vifungu viwili ambavyo ningeomba kila klabu ivichukue. Cha kwanza, mpima muda hafungi daftari mpaka gari linalomfuata mwendeshaji wa mwisho lifike. Cha pili, hakuna anayegombea nafasi yoyote ya uongozi kama katika miezi 12 iliyopita hajasimama njiapanda angalau siku moja ya mashindano na kuwa mtu wa nyuma kabisa kwenye safari mbili za kawaida za klabu. Cha pili kilipingwa sana. Tulipoteza mgombea mmoja mwenye jina kubwa. Lakini waliobaki walijua klabu ni nini ukiitazama kutokea mkiani.

Maana mkiani ndiko klabu hufia. Kushika gurudumu la aliye mbele yako, yaani kumfuata kwa karibu mgongoni, kunakupunguzia upepo kiasi kwamba katika mwendo wa kasi unaweza kuokoa robo ya nguvu zako, pengine zaidi. Mgeni asipojua hilo, anaachia mita tatu kwenye mlima mdogo, anabaki na upepo peke yake, na mita tatu zinageuka kilomita tatu. Hatarudi wiki ijayo na hatakwambia kwa nini. Kwa hiyo tangazeni kasi ya kila kundi kabla ya safari na muishike. Kundi lisizidi watu 12 au 15 hivi, magari yapate nafasi ya kupita. Liwe na nahodha mbele na mtu wa nyuma mwenye pampu, tyubu na namba za simu za dharura. Ishara za mkono zifundishwe mkiwa mmesimama, si barabarani. Breki zikaguliwe kabla ya kuondoka, hata kama mwenye baiskeli ni mkongwe na atanuna.

Kuhusu watoto na vijana sina mjadala. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto wa klabu, iwe garini au kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Ujumbe wa simu kwa mtoto uende pia kwa mzazi wake. Na awepo mtu mmoja wa kupokea malalamiko ambaye si kocha wala rafiki wa karibu wa kocha. Klabu ikisema ni ndogo mno kwa mambo hayo, basi isipokee watoto mpaka iyaweze.

Katiba yenyewe iwe fupi, ukurasa mmoja au miwili, lakini kila neno lipimwe, kwa sababu maneno ya katiba huishi kuliko walioyaandika. Mwaka 1894 wajumbe wa League of American Wheelmen, chama kikubwa cha waendesha baiskeli wa Marekani, walipitisha kifungu cha kuwazuia watu weusi kuwa wanachama. Miaka mitano baadaye Major Taylor, Mmarekani mweusi, akawa bingwa wa dunia wa mbio fupi huko Montreal. Kifungu kile hakikufutwa rasmi mpaka mwaka 1999. Hebu fikiria: miaka 105, bingwa mwenyewe kaishi na kufariki, na maandishi bado yapo. Ndiyo maana huwa nawaomba wenzangu wakae na vifungu vya uanachama usiku mmoja zaidi kabla ya kuvipitisha.

Weka pia ukomo wa vipindi. Kwetu ni miaka miwili, mara mbili, kisha unapumzika. Na anayeondoka akabidhi kwa orodha iliyoandikwa: funguo za stoo, nywila za barua pepe na akaunti, usimamizi wa kundi la simu, mkataba wa bima. Nimeona klabu ikikaa miezi mitatu bila kuweza kuwaandikia wanachama wake kwa sababu nywila iliondoka na katibu.

Sasa nije kwenye vyama na mashirikisho, kwani huko ndiko wengi wetu hukata tamaa. Kuna mwaka tuliomba kibali cha mbio zetu kwa chombo kilichokuwa juu yetu. Tulilipa ada, tukapeleka ramani, barua ya polisi, majina ya waamuzi. Jibu lilikuja siku tatu baada ya tarehe ya mashindano. Tulikuwa tumeshaahirisha, watu wameshapanga likizo zao, na ada haikurudi. Nilipopiga simu niliambiwa waliohusika walikuwa safarini.

Hasira zinapokuja namna hiyo, wa kwanza kusema "tujitoe" hupigiwa makofi. Historia ina mfano wake. Nchini Uingereza chombo cha National Cyclists' Union kilikataza kwa miongo mingi mbio za kundi, yaani za wote kuanza pamoja, kwenye barabara za wazi, kikihofia serikali isije ikawaondoa waendesha baiskeli barabarani kabisa. Bara Ulaya mbio za aina hiyo zilikuwa jambo la kawaida. Tarehe 7 Juni 1942 Percy Stallard akaandaa mbio kutoka Llangollen hadi Wolverhampton. Akafungiwa. Mwezi Novemba mwaka ule ule likazaliwa shirikisho la upinzani, British League of Racing Cyclists, na mpasuko ukadumu mpaka mwaka 1959, pande mbili zilipoungana kuwa British Cycling Federation. Stallard alikuwa na haki kuhusu mbio. Leo hakuna anayebisha. Lakini kwa miaka 17 klabu na vijana wake walilazimika kuchagua upande. Mimi nawalaumu zaidi wale waliokuwa na mamlaka, kwa sababu wao ndio walioweza kukaa kitako na kusikiliza mapema. Chama kinachojibu barua kwa wakati huwa hakipati wapinzani wengi.

Klabu inalihitaji shirikisho kwa mambo machache, na yote yanapimika. Linunue bima kwa pamoja, maana klabu moja haiwezi kupata bei nzuri. Lifundishe waamuzi na makocha. Litoe kalenda mapema, mbio mbili zisigongane wikiendi moja. Lisimamie kanuni na vipimo vya dawa zilizokatazwa bila kuangalia sura. Likifanya hayo, ada yake hailalamikiwi. Na kila mwaka lichapishe limetumia kiasi gani kwa safari za viongozi na kiasi gani kimerudi kwenye klabu, mistari miwili tu, ikae jirani kwenye ukurasa mmoja.

Msidhani sauti ya mwanachama wa kawaida haifiki mbali. Shirikisho la kimataifa, UCI, lililoundwa Paris mwaka 1900, lilikuwa na uchaguzi wa rais mwaka 2013. Rais aliyekuwepo, Pat McQuaid wa Ayalandi, alihitaji kupendekezwa na shirikisho la taifa. Suala likapelekwa kwenye mkutano maalumu wa Cycling Ireland, na wajumbe wa klabu wakakataa kumpendekeza. Alitafuta mapendekezo kwingine na akasimama, lakini akashindwa na Brian Cookson kwa kura 24 dhidi ya 18. Kura 42 ziliamua nani aongoze baiskeli duniani kote, na moja ya milango ya kufikia kura hizo ilikuwa mkononi mwa watu wa klabu, waliokuja ukumbini wakitoka kwenye kazi zao. Miaka minne baadaye Cookson naye akaondolewa, kura 37 kwa 8, na David Lappartient akashika nafasi.

Kwa hiyo ajenda ya mkutano mkuu wa shirikisho lenu ikija, isiishie kwenye simu ya katibu. Sisi huisoma mbele ya wanachama, tunapigia kura mambo mawili au matatu mazito, na mjumbe wetu huondoka na msimamo ulioandikwa. Akirudi, Jumamosi inayofuata husimama mbele yetu kueleza alivyopiga kura. Kuna mwaka alipiga kinyume na tulivyomtuma, kuhusu ada ya leseni za vijana. Alieleza kwamba ukumbini ilitolewa hoja mpya ya kuwasamehe kabisa walio chini ya miaka 15, na kuipata hiyo ilibidi aiache yetu. Maswali yalimwagika, wengine wakali. Mwishoni yule mama wa swali la viingilio akasema yeye angefanya vivyo hivyo. Katibu aliandika yote kwenye kumbukumbu, mjumbe akatia saini, tukawasha taa za nyuma tukaondoka, na mjumbe siku hiyo ndiye aliyekuwa zamu ya kukaa wa mwisho.