Babu aliangua nazi bila ujira: deni bado lipo?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Babu wa babangu aliachwa huru 1907, serikali ilipofuta utumwa huku pwani. Akabaki Kisauni kwenye shamba la bwana wake, akikwea minazi na kufua nazi hadi alipofariki. Ujira hakupewa, nyanya asema akiambiwa, "Walala kwetu, wataka nini tena?" Wajukuu wa bwana bado wanalo shamba, nao wasema yule alikuwa mtu wao kwa walaa, hana la kudai. Ni kweli?

JAWABU: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Walaa wameitaja pasipo pake. Walaa ni kama nasaba: aliyeachwa huru akifa bila warithi wake, humrithi aliyemwacha. Haimpi mtu jasho la mwenziwe, hata la siku moja. Barira alipoachwa huru na Bi Aisha alimkataa mumewe Mughith, naye Mughith akimfuata njiani machozi yakimtiririka ndevuni. Mtume (s.a.w.) akamwombea arudi. Barira akauliza, "Waniamrisha?" Akajibiwa, "Naombea tu." Akasema hana haja naye. Ikiwa maombezi ya Mtume yalikatalika, sembuse bwana wa zamani kutaka akwelewe minazi bure! Tena fidia ya 1907 walilipwa mabwana. Watumwa hawakuona hata senti.

Kazi baada ya uhuru ni ijara, yaani mapatano ya kazi kwa malipo, na ujira wake sharti ujulikane. Hapa ndipo penye uzito, nami sitawapendezesha tu. Kama "walala kwetu" lilikuwa sharti la tangu mwanzo, bila muda wala kiasi, ijara hiyo ni fasidi, yaani mapatano yaliyoharibika, na babu alistahiki ujira wa mfano: wanaolipwa wakwezi wengine wa wakati ule. Kama lilisemwa baadaye kumnyamazisha tu, na ujira haukutajwa kabisa, basi kauli mashuhuri ya madhehebu yetu ya Shafi haimpi dai, ingawa wako maulamaa waliompa anayejulikana kufanya kazi kwa malipo.

Deni likithibiti, halimwangukii mjukuu mfukoni mwake. Liko kwenye tirka, yaani mali aliyoiacha yule bwana, na Qur'ani (4:11) yatanguliza deni kabla ya mirathi. Shamba ni katika tirka hiyo.

Kadhi husikiza ndoa, talaka na mirathi. Mzozo wa ardhi una mahakama yake. Kabla ya huko, muulizeni nyanya maneno yale yalisemwa lini, myaandike angali hai, mkae na wazee wa pande zote mbili. Wallahu aalam.