Bunduki ya upepo kwa sungura: risasi ya kipenyo cha 4.5 au 5.5 mm?

Ndugu, kwa kuwa unawinda England na bunduki yako ya upepo haina leseni, nguvu yake haipaswi kuzidi futi-pauni 12 (kama joule 16), iwe ya 4.5 mm au 5.5 mm. Tofauti yote inaanzia hapo. Risasi ya 4.5 ya gramu 0.55 hutoka kwa takriban mita 240 kwa sekunde, ya 5.5 ya gramu 1.03 hutoka kwa 175 tu, hivyo huanguka mapema. Ukikosea umbali kwa mita tano, unampiga taya na anakimbilia shimoni na jeraha.

Ndani ya mita 25 ningechukua 5.5: husamehe kidogo zaidi ikigonga. Ukifika 30 hadi 35, 4.5. Lenga kati ya jicho na sikio, kifua sahau. Tumia risasi za kichwa cha mviringo. Za kichwa bapa hutawanyika mbali. Kama risasi tano ulizojaribu haziingii kwenye duara la sentimita 2.5, sogea karibu au jaribu chapa nyingine ya risasi kabla ya kulaumu mtutu.

Scotland, hata hii inahitaji cheti.